Mizani Vigwaza na Mikese: wenye matela wasome

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tunaelekea Mikumi, na wenye matela ya kambi nisikieni. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inataka gari la kilo 3,500 na zaidi lipite mizani. Cruiser iliyojaa, ukiongeza tela, inafika hapo bila wewe kujua. Kwa hiyo Vigwaza na Mikese tunaingia, hakuna kuchepuka wala kubishana na watu wa mizani.

Maji na jenereta vikae juu ya ekseli ya tela, si nyuma kabisa. Tela zito nyuma huyumba vibaya mno. Na tafadhali, jamani, jiko la mkaa moja linatosha!

Kadi za gari na za tela mkononi.