Kabla ya kukata ekzosi

Mhariri,

Vijana wa huku Makete wakipata pikipiki ya Honda XL 125 hukimbilia kukata ekzosi, yaani bomba la moshi. Naomba waache, kelele haipandishi mlima. Mimi ni afisa mifugo, nabeba boksi la chanjo hadi vijiji vya juu. Kinachonivusha ni sproketi kubwa ya nyuma (gurudumu la meno linalovutwa na cheni) na cheni ndefu kidogo: kwenye lami mwendo unapungua, lakini gia ya kwanza inavuta topeni bila kuunguza klachi. Tairi za meno nazo punguza upepo ukiingia tope, ujaze tena kabla ya lami. Vioo na taa msing'oe, ukungu wa nyanda za juu za Kitulo mnaujua. Wauza vipuri, tuleteeni sproketi hizo hadi Makete mjini.

Afisa mifugo,
Makete, Njombe