Waya za meno zisidharauliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wazazi wenzangu wanaodhani kwamba vifaa vya plastiki angavu vya kunyoosha meno ni bora kuliko waya kwa sababu tu havionekani kwa urahisi. Vifaa hivyo hutakiwa kukaa mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku, na huvuliwa wakati wa kula; binti yangu alivifunga vyake kwenye tishu akila chipsi mayai Kariakoo, vikatupwa pamoja na mabaki. Waya, ingawa hunasa nyuzi za embe (na kuzisafisha ni kazi kwelikweli), hazisahauliki mezani, tena kwa meno yaliyopinda sana huyageuza kwa uhakika zaidi.

Mzazi,
Tabata, Dar es Salaam