Rangi za Madurai si kelele

Mhariri,

Mwandishi wenu wa ukurasa wa safari anasema mahekalu ya kusini mwa India yana rangi za kupiga kelele. Mimi ni fundi rangi, mwaka wa 22 sasa niko juu ya ngazi. Madurai, mji wa huko kusini, nilifika 2019, nikimsindikiza mama kwenye matibabu ya macho. Naomba nafasi nimjibu.

Siku ya kwanza hata mimi nilipata kizunguzungu. Unatembea kichochoroni, pua inapokea asumini kabla hujawaona wanawake wanaoyauza kwa mashada, kisha unainua kichwa: mnara wa lango la kusini la hekalu la Meenakshi, mungu wa kike wa Wahindu, takriban mita 52, na hakuna nafasi tupu hata ya kuweka kiganja. Miungu, mapepo na wanyama wa lipu ya chokaa wamebanana hadi kileleni, samawati, waridi, manjano, kijani cha kasuku. Minara hiyo, mikubwa kwa midogo, iko 14.

Kwa mazoea ya kazi nikaanza kutafuta palipobambuka. Kwa desturi hupakwa upya kila miaka 12 hivi, hekalu linapowekwa wakfu tena, na mara ya mwisho kabla sijafika ilikuwa 2009. Rangi ya miaka 10, chini ya jua lile! Imechujuka kidogo, basi. Muuza vitambaa mmoja akanipandisha kwenye paa la duka lake nione vizuri (shabaha yake ilikuwa kuniuzia shuka, na aliniuzia). Nikatazama sanamu za juu, zile ambazo wateja wangu wangesema, "Huko nani ataona? Pitisha brashi mara moja tu." Mboni za macho zimechorwa. Bangili pia, mojamoja.

Ndani ni jiwe na giza. Simu na viatu unaacha nje, na asiye Mhindu hafiki chumba cha ndani kabisa. Ukumbi uitwao wa nguzo 1,000 una nguzo 985. Sikuzihesabu, ila fundi aliyekadiria ananifurahisha.

Mama nilimpeleka siku iliyofuata alipofunguliwa bandeji. Alisimama pekupeku juu ya mawe ya moto, kichwa nyuma, kimya. Kisha akaniuliza, "Yule mama wa kijani ni nani?"

Nikamwambia ndiye Meenakshi, mwenye macho kama samaki.

"Kijani kizuri," akasema, na hakutaka kuondoka.

Fundi rangi, msomaji wenu