Gari linazima likipata joto, likipoa linawaka: pesa ya kupima inalipia nini

Lalamiko linalorudi kaunta kila mara ni hili: "Nimelipa pesa ya kupima, na gari lenyewe limewaka mbele ya fundi bila kuguswa." Ni kweli, limewaka, na ugumu wa kazi uko hapohapo. Gari lililokufa kabisa ugonjwa wake huonekana upesi. Hili linalozima kwenye foleni saa nane mchana, likapumzika nusu saa kivulini kisha likawaka, inabidi tuliendeshe mpaka lizime tena tukiwa na testa (taa ya kupimia umeme) mkononi. Unalipia saa hizo.

Tuchukue Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE ya distributa, kifaa kinachogawia plagi umeme wa cheche. Waya wa ndani ya koili, inayokuza umeme wa betri uweze kupiga cheche, ukichoka hupata ufa mwembamba kuliko unywele. Koili ikiwa baridi ncha hugusana na mita husoma vizuri: omu (kipimo cha ukinzani wa waya) 1.11 hadi 1.75 upande wa umeme mdogo, na kiloomu 9 hadi 15.7 upande wa umeme mkubwa. Ikipata joto ncha huachana na cheche hukatika. Kwa hiyo koili iliyopimwa asubuhi ikiwa baridi bado hatuiiti nzima.

Wengi hupoteza hela kwenye pampu ya mafuta. Kompyuta ya injini hii hungoja jibu la ignaita, swichi ya kielektroniki inayoiwasha na kuizima koili, kwamba cheche imepigwa. Jibu lisipokuja, huzima nozeli zinazonyunyizia injini mafuta. Fundi wa haraka anafungua plagi, anazikuta kavu, anasema pampu imekufa. Pampu mpya inafungwa gari likiwa limeshapoa, linawaka, kila mtu anafurahi. Siku ya tatu linazima palepale. Kuna Corolla zinazofika hapa zikiwa na pampu mpya, plagi mpya na koili mbili za mtumba kwenye buti, na kosa likawa waya uliokatika ndani ya ganda lake karibu na soketi ya distributa.

Likizima mikononi mwetu tunaanza na cheche. Ikiwapo, tunahamia kwenye mafuta. Isipokuwapo, tunapima chanya ya koili swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa: tunataka umeme sawa na wa betri. Ukikosekana, tunafuata fyuzi, waya na swichi, ambayo huchakaa ndani, hasa ikining'inizwa rundo zito la funguo. Ukiwapo, testa inahamia hasi ya koili huku mtu akipiga stata. Ikimetameta na cheche hakuna, mtuhumiwa ni koili, kepu (kifuniko cha distributa) au rota inayozunguka ndani yake. Isipometameta, mtuhumiwa ni ignaita, pikapu (sensa) iliyo ndani ya distributa, au waya wa koili uliokatika. Kepu yenye mstari mweusi kama wa penseli kwa ndani haisafishwi, inabadilishwa. Tukikuta oili humo ndani, sili ya distributa nayo inatoka, la sivyo kepu mpya itachafuka vilevile.

Njia ya mkato inayotuumiza roho ni kuunga waya kutoka betri moja kwa moja hadi koili. Gari litawaka, ndiyo. Lakini waya huo hauna fyuzi, na ukizima swichi koili inaweza kuendelea kula umeme hadi iungue, na ignaita pamoja nayo. Waya huo ukigusa bodi, ganda lake linayeyuka na gari linaweza kushika moto. Kubadilisha swichi iliyokwepwa kwa waya huo ni nafuu kuliko kulipia koili, ignaita au gari.

Kabla ya kulileta, usichomoe terminali ya betri. Kompyuta huhifadhi kodi (namba ya kosa), 14 ikiwa ni ya kukosekana kwa jibu la ignaita, na ukichomoa betri inafutika. Angalia pia mshale wa rpm (mizunguko ya injini) wakati linazima: ukianguka sifuri ghafla gari likiwa bado linabingirika na gia ndani, tuambie, maana hiyo inaelekeza upande wa cheche. Tuambie kama ni jua au ni mvua. Lilete likiwa la moto, siyo baada ya kulala usiku kucha. Na likikuzimia barabarani usiimwagie distributa maji ili ipoe: kepu ya moto hupasuka, na utakuwa na makosa mawili ya kutafuta badala ya moja.