Swichi ya ufunguo haitibiwi kwa kukata waya

Kwa Mhariri,

Jumamosi iliyopita kwa ukurasa wenu wa magari kuna kijana aliuliza swali, gari yake ya zamani ikipigwa stata inawaka vizuri lakini akiachilia tu ufunguo inazima, na jibu alilopewa ni kwamba swichi imekwisha, aende kwa fundi wa waya awekewe batani ya kupigia stata na kaswichi kengine chini ya dashibodi, kazi ya dakika 20. Hilo jibu limenikalia moyoni siku tatu sasa. Niliwahi kupewa jibu hilo hilo, nikalilipia, na lilikaribia kutumaliza mimi na mtoto wangu pale kwenye mteremko wa Sachangwan.

Naishi Lanet hapa Nakuru, na nina Datsun 240Z niliyoachiwa na marehemu baba. Watu wa rika langu wanaijua, ndio ile Edgar Herrmann alishinda nayo mbio za Safari Rally 1971 na Shekhar Mehta akashinda nayo 1973, na sisi tukiwa wadogo baba alikuwa anatupeleka kando ya barabara tungoje zipite, unasikia injini kwanza, vumbi unaliona baadaye. Alipopata yake ya mkono wa pili aliitunza kuliko nyumba. Injini ya silinda 6, lita 2.4, kabureta mbili, kompyuta hakuna hata moja. Kwa hivyo kila kitu ndani yake kinaweza kutengenezwa na mtu mwenye subira, lakini pia kila mwenye koleo na waya anaona anaweza kuishika.

Ugonjwa wake ulianza kama wa huyo kijana. Inawaka, unaachilia ufunguo, inakufa. Siku zingine taa za dashibodi zinapepesa ukitingisha ufunguo kidogo. Nikapeleka kwa fundi, jina lake halina haja, akaskiza mara moja tu akasema, "Mama, hii swichi imekufa na ya hii gari hupati hata kwa spea za Grogon kule Nairobi. Tupige dairekti tu." Nikamuuliza, "Fundi, umepima?" Akaniambia huu ugonjwa anaujua. Na mimi nilikuwa nataka gari iondoke hapo kabla jioni, nikakubali. Akakata waya nyuma ya swichi, akaweka batani na kaswichi kadogo kamefungwa na skrubu moja karibu na goti langu, fyuzi hakuna mahali.

Mwezi wa pili baada ya hapo nilisahau hako kaswichi kakiwa kamewashwa usiku kucha na injini imezimwa, asubuhi koili, ile inayokuza umeme wa cheche za injini, ilikuwa imekufa na batri pia. Wenye gari za pointi, vile vyuma viwili vinavyofungana na kuachana kuwasha na kukata umeme wa koili, wanaelewa hii, injini ikisimama na pointi zikiwa zimefungana, umeme unaendelea kupita kwa koili tu hadi ipate moto. Na ufunguo una kitu kaswichi hakana, huwezi kuchomoa ufunguo uingie nao nyumbani na uache injini kwa umeme. Nikanunua koili ingine nikaendelea, hapo nakiri nilipaswa kusimama.

Halafu siku ya Sachangwan. Tulikuwa tunatoka Kericho kuona dada yangu, tumeshapita Mau Summit tunateremka kuja Salgaa, na kila mtu wa huku anajua huo mteremko na malori yake na watu tuliozika kwa sababu yake. Lori mbele, lori nyuma. Injini ikakata. Sio kukohoa, ni kukata, kama mtu amezima redio. Waya wa kale kaswichi ulikuwa umelegea kwa mtikisiko.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu inaweza kumsaidia mtu. Mguu wangu ulitaka kukanyaga klachi, ndiyo kitu mwili unafanya wenyewe, lakini baba alinifunza zamani kwamba gari ikizima kwenye mteremko uiache kwa gia. Magurudumu yanaendelea kuzungusha injini, na injini ikizunguka bado inanyonya ile hewa inayosaidia busta ya breki, kile kifaa kinachofanya pedali iwe nyepesi. Ukikanyaga klachi injini inasimama kabisa, basi unabaki na breki laini mara mbili tatu hivi, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani wa hii gari hauna pawa kwa hivyo huo haukubadilika. Na kama bado unatumia ufunguo, usiurudishe hadi mwisho kwenye loki gari ikiwa inatembea, usukani unaweza kufungwa. Nikaiacha kwa gia ya tatu, nikawasha taa za hazadi, nikatafuta pembeni. Katikati hapo waya ukagusa tena, petroli ambayo haikuchomeka ilikuwa imejaa kwa ekzosi, ikalipuka mlio kama bunduki na mtoto akapiga nduru. Tukasimama. Nilikaa pale mikono ikitetemeka labda nusu saa.

Aliyeitengeneza mwishowe ni fundi mzee mmoja wa Bondeni hapa Nakuru, na nataka huyo kijana aliyeuliza swali ajue jinsi alivyofanya. Kwanza hakushika swichi. Alirudisha waya zote zilizokatwa mahali pake, akasafisha vichwa vya batri, akapima batri, volti 12.6. Halafu akaniita nione kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amenieleza miaka hiyo yote. Gari kama hii ina rezista ya balasti, kale kakitu keupe kama kigae karibu na koili. Ukipiga stata, koili inapata umeme wote wa batri bila kupitia hapo, ndio iwake haraka hata stata ikiwa inavuta. Ukiachilia ufunguo urudi kwa oni, pale unapokaa injini ikiwa inanguruma, umeme sasa unapita kwa balasti ili koili isiungue. Kwa hivyo gari inayowaka halafu inakufa ukiachilia ufunguo ina washukiwa wawili, balasti iliyokatika ama upande wa oni ndani ya swichi. Mmoja ni kakitu ka bei ndogo kanakofungwa na skrubu, dakika kumi umemaliza. Nyinyi mlimwambia huyo kijana akate waya bila hata kumtajia huyu wa kwanza!

Mzee akaniambia pia mafundi wengi wanapotelea hapa: wanapima koili injini ikiwa haizunguki, wanapata volti 7 ama 8, wanasema swichi inakula umeme. Kumbe hiyo ni kawaida, ni kazi ya balasti pointi zikiwa zimefungana. Lazima upime kabla ya balasti, upande unaotoka kwa swichi. Pale unatakiwa upate karibu sawa na batri, ikipungua zaidi ya nusu volti hivi kuna mahali inapotelea. Yangu ilikuwa inaingia 12.4 kwa swichi na inatoka 9, na taa ya kutesta ilikuwa inapepesa akitingisha ufunguo. Hapo sasa ndipo aliposema, "Mama, ni swichi kweli." Baada ya kupima.

Na hata hapo haikuwa kununua loki nzima na funguo mpya. Pale unapoingiza ufunguo ni kitu kimoja, sehemu ya umeme ni kitu kingine kiko nyuma yake, kimeshikwa na skrubu mbili ndogo. Akatoa waya ya batri kwanza, akafungua plastiki ya chini ya usukani, akachomoa plagi ya waya za swichi na kuiangalia kwa sababu saa zingine inayoungua ni plagi na swichi ni nzima, akatoa hicho kipande. Alikifungulia ndani ya mfuko wa plastiki kwa maana ndani kuna springi na vitu vidogo vinaruka na ukipoteza kimoja umemaliza kazi. Vile vipande vya shaba vinavyogusana vilikuwa vyeusi, upande wa oni umeliwa ukaacha kashimo. Akasugua na sandipepa laini sana, akapaka grisi kidogo ya umeme, akarudisha. Tundu la ufunguo hakutia oili, alisema oili inashika vumbi, alikwaruza risasi ya penseli akapulizia ndani.

Kitu cha mwisho akaweka rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme kidogo, na fyuzi kwa laini ya stata. Ukipiga stata, ule umeme wa kuvuta solenoidi, ile sumaku ya stata, ni mwingi na kwa gari hizi wote unapita kwa swichi, miaka 50 shaba inachoka. Sasa swichi inaamsha rilei tu, mzigo unapita kwingine. Tangu siku hiyo ni mwaka na nusu, haijanizimikia hata mara moja.

Akanikataza jambo moja, ufunguo wangu ulikuwa na funguo za geti, za duka, na ile chuma ya kufungulia soda. Akaniambia toa zote. Nilidhani ni mambo ya wazee hadi nikasoma ile habari ya General Motors huko Marekani 2014, waliita magari kama milioni 2.6 yarudi kwa sababu springi ndani ya swichi ilikuwa hafifu, ufunguo unateleza wenyewe kutoka oni gari ikitembea, injini inazima na mifuko ya hewa haifunguki. Mfuko wa fidia ulihesabu vifo 124. Na kabla swichi zibadilishwe wenye magari waliambiwa watoe kila kitu kwa pete wabaki na ufunguo peke yake. Kampuni kubwa hivyo na kakipande kadogo hivyo, halafu sisi tunakachukulia kama balbu ya jikoni.

Mhariri, sina ugomvi na mafundi wa juakali, aliyeniokoa ni fundi wa juakali, anakaa chini ya bati na mita yake imefungwa na seloteipu. Ninachoomba ni mrudie lile swali Jumamosi inayokuja, mmwambie huyo kijana aende apimiwe balasti kwanza kabla mtu yeyote hajagusa waya za gari yake. Na kama ameshawekewa kale kaswichi, mwambieni asiende nayo safari ya mbali, hasa ile ya kuteremka Salgaa.

Mwenye Datsun,
Lanet, Nakuru