Krismasi njema watu wangu, na habari ya mhubiri aliyeogopa baharini

Mugonile! Mwanakondoo ameshinda, tumfuate! Heri ya Krismasi kwa wote, mlioko Tukuyu na Kyela, mlioko Mbeya mjini, nyie wa Dar mliobanana stendi ya Mbezi saa hizi mnabishana na kondakta juu ya mabegi, na nyie mlioko ng'ambo mnaosherehekea na soksi mbili mbili. Huku mvua haina habari na mtu, mlima Rungwe tunaujua upo kwa imani tu maana ukungu umeumeza, lakini ndizi zipo, kuku wapo na wageni wameanza kuingia.

Mwaka huu sijataka kuwatumia ile meseji ya kukopi yenye mishumaa na maua inayozunguka magrupu yote mpaka inarudi kwa aliyeituma. Nimeandika kirefu, mtanivumilia, mwenye haraka achukue salamu zake hapo juu aendelee kunyonyoa kuku.

Kuna jambo kipindi hiki watu hawalisemi. Unakwenda mkesha, kwaya inaimba mpaka bati linatetemeka, jirani yako anafuta machozi ya furaha, wewe ndani kukavu, unapiga hesabu za ada ya Januari. Na wanaoumia kuliko wote ni wale wanaohudumu, yaani wazee wa kanisa, wanakwaya, vijana waliotoka juzi kwenye safari ya injili, wamelala kwenye madarasa juu ya madawati, gari limekwama kwenye tope wakasukuma usiku kucha, wamehubiri watu wakaokoka, halafu wao wamerudi nyumbani wanajiuliza mbona mimi sijapata kitu. Huyo ndo namwandikia hasa, wengine mnasindikiza tu.

Sasa sikia ya John Wesley. Wengi mnamjua kama baba wa Wamethodisti, mtu mzito, lakini mwaka 1735 alikuwa mchungaji wa Kianglikana wa miaka 32, msomi wa Oxford, anafunga, anaamka alfajiri kusali, anatembelea wafungwa, na pamoja na yote hayo amani hana. Akaamua kwenda misheni Georgia, koloni jipya la Waingereza kule Amerika, kuhubiria walowezi na wenyeji, na kwenye barua kabla ya safari akaandika wazi kwamba sababu yake kubwa ni kutumaini kuiokoa roho yake mwenyewe. Yaani mtu anakwenda kuhubiri ili aokoke yeye! Mimi hapo simcheki kabisa, nadhani tuko wengi tuliopanda magari ya misheni na sababu hiyo hiyo mfukoni.

Alisafiri na mdogo wake Charles kwa meli iitwayo Simmonds, na Krismasi ya mwaka huo iliwakuta baharini. Humo melini kulikuwa na kikundi cha Wamoravian, Waprotestanti kutoka Ujerumani, wapo na wake zao na watoto, na Wesley akaanza kujifunza Kijerumani ili aongee nao. Alichokiona kwanza hakikuwa mahubiri. Aliona wanafanya kwa ajili ya abiria wengine zile kazi ambazo hakuna Mwingereza aliyetaka kuzigusa, wakipewa hela wanakataa, na mtu akiwasukuma au kuwapiga wanainuka wanaondoka zao bila neno. Kila kanisa lina mtu wa hivyo, kwetu kuna mama anayeosha masufuria ya ugeni wote na kwenye kipaza sauti hajawahi kutajwa hata siku moja.

Dhoruba zikaja, tena si moja. Wesley anajiandikia kwenye shajara yake, inakuwaje huna imani, mbona bado unaogopa kufa. Januari 25, 1736 jioni Wamoravian wako kwenye ibada, ndo kwanza wanaimba zaburi ya kufungulia, bahari ikaifunika meli, ikachana tanga kuu vipande vipande, maji yakamwagika mpaka ndani kwa abiria. Waingereza wakapiga mayowe. Wale Wajerumani wakaendelea kuimba, hawakuruka hata ubeti. Baadaye Wesley akamuuliza mmoja wao, hukuogopa? Akajibu namshukuru Mungu, hapana. Na wanawake wenu na watoto je? Akaambiwa wanawake wetu na watoto wetu hawaogopi kufa.

Ungedhani hapo hapo akapiga magoti akaokoka, hadithi ikaisha vizuri kama ushuhuda wa kwenye semina. Wapi! Alifika Georgia, kiongozi wa Wamoravian aitwaye Spangenberg akamuuliza unamjua Yesu Kristo? Akasema najua ni Mwokozi wa ulimwengu. Sawa, lakini unajua kwamba amekuokoa wewe? Akajibu natumaini alikufa kuniokoa, na baadaye akaandika kwamba anahofia maneno yake yalikuwa matupu. Kazi yenyewe ikamshinda, akagombana na watu, akafikishwa mahakamani kwa sababu ya binti aliyempenda akaolewa na mwingine, Wesley akamnyima huyo binti Meza ya Bwana, na Desemba 1737 akaondoka usiku. Njiani kurudi Uingereza akaandika kwamba alikwenda Amerika kuwaongoa wenyeji, sasa nani atamwongoa yeye?

Mimi hapo ndo napapenda kuliko ile dhoruba. Safari imeharibika, jina limeharibika, na hilo swali ndo la kweli la kwanza aliloliuliza bila kujipamba.

Mei 24, 1738, saa tatu kasorobo usiku, mtaa wa Aldersgate jijini London, kwenye kikao alichokwenda bila kupenda (mwenyewe ameandika hivyo, alikwenda hataki), mtu anasoma tu utangulizi wa Luther kwa Waraka wa Warumi, Wesley akasikia moyo umepata joto la ajabu, na akaanza kuwaombea waliomtendea mabaya. Hata hivyo Januari 1739 bado anaandika kwamba yeye si Mkristo, kwa hiyo anayekuambia ukishaguswa mara moja mashaka yanahama nyumba, mwulize kasoma wapi. Charles yeye aliguswa siku tatu kabla yake akiwa mgonjwa kitandani, na mwaka 1739 likatoka shairi lake ambalo leo dunia nzima inaliimba Krismasi, ule wimbo wa malaika wanaomsifu Mfalme aliyezaliwa.

Wamoravian wa Georgia nao hawakudumu kule, walikataa kushika silaha vita ilipokuja, wakahamia Pennsylvania. Mkesha wa Krismasi 1741 wamekusanyika kwenye nyumba ya magogo, upande wa pili wa ukuta ni zizi la mifugo, wakapaita mahali pale Bethlehem, na mji upo mpaka leo. Kanisa hilo hilo la Wamoravian ndo lililotuma wale wamisionari wanne waliokuja kwetu kwa njia ya Zambezi na Ziwa Nyasa mwaka 1891, mmoja homa ikamchukua kabla hawajafika Rungwe, watatu wakapanda mlima.

Basi wewe uliye mkavu mwaka huu usibaki nyumbani kwa kuona aibu, njoo hata kama hutaki, kaa benchi la nyuma na sisi wengine tunaopiga hesabu za ada. Mkesha unaanza saa mbili usiku, mje na makoti na miavuli, wajomba na mashangazi mliotoka Dar mjue mtaombwa sadaka ya bati jipya. Watoto wa Sande skuli wana igizo, mwalimu wao kasema ni fupi, hatumwamini.

Ndaga fijo, Krismasi njema!