Kabla hujanunua diski za hiyo NAS

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka Kampala, nisalimie shemeji na watoto wote hapo Arua. Meseji yako nimeipata, kwamba unataka video zote za harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho) uziweke kwa NAS (kile kisanduku cha kuhifadhi faili kwenye mtandao wa nyumbani) ya diski mbili na kuna jamaa anakuuzia diski bei poa. Tafadhali usimtumie pesa kwanza, mwambie akupigie picha ya lebo.

Angalia modeli namba, jina la juu halitoshi. Mwaka 2020 WD (Western Digital, watengenezaji wa diski) walikubali kwamba baadhi ya diski zao za Red, za 2TB mpaka 6TB, zile zile zinazouzwa kwa ajili ya NAS, zilikuwa za SMR (aina inayobana data, nakueleza sasa hivi) na wateja hawakuambiwa. Kwa 4TB, WD40EFRX ni CMR, yaani ya kawaida ambayo mistari yake hailaliani, hiyo chukua, alafu WD40EFAX ni SMR, herufi moja tu! SMR inalaza mistari ya data juu ya mwenzake kama mabati ya paa, ukitaka kugusa bati la chini lazima uinue la juu, ndo maana kuandika kunakua pole pole. Sasa siku diski moja ikifa ukaweka mpya, NAS inaijaza upya masaa na masaa bila kupumzika, na hapo SMR inaweza kuchelewa mpaka NAS inadhani nayo imekufa inaitoa. Na harusi ya mtu hairudiwi ndugu yangu.

Kama NAS yako ni ya kampuni ya Synology, zile modeli zao za Plus za 2025 mwanzoni zilikua zinakataa diski ambazo haziko kwenye orodha yao, watu wakalalamika sana mpaka Oktoba wakalegeza na DSM 7.3 (DSM ni programu inayoendesha hizo NAS zao), kwa hiyo weka hiyo au ya juu zaidi.

Diski ziwe saizi moja, ukichanganya 4TB na 2TB kwa RAID 1 (kila kitu kinaandikwa kwenye diski zote mbili) unabaki na 2TB tu. Na umeme wa kwetu unaujua, tafuta UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) hata ndogo. Alafu kopi nyingine ikae nje ya NAS kabisa, maana faili ikifutwa inafutika kwa diski zote mbili.

Niambie bei ya huyo jamaa nilinganishe na maduka ya huku, nikipata nafuu ntakununulia nizitume kwa basi, ila lazima nizifunge vizuri na sponji maana diski haipendi kugongwa.

Wako,
swahiba wa Kampala